Kufuli Mlangoni, Notisi Mkononi: Ofisi Zipi Zinamfaa Mpangaji wa Nairobi?

Mpangaji wa Nairobi akikabidhiwa notisi ya kuhama, hupata washauri kabla hajapata usingizi. Jirani humwelekeza kwa chifu, shemeji humwelekeza City Hall, makao ya serikali ya kaunti, mwenzake wa kazini anamjua wakili wa bei nafuu, na keateka, yaani mtunzaji wa ploti, humnong'oneza ahame usiku kabla vyombo havijatolewa nje. Kila ushauri katika huo una mahali pake, isipokuwa ule wa keateka, ambao mara nyingi humfaa mwenye nyumba peke yake. Tatizo ni kwamba ofisi hizo hazifanyi kazi moja, na anayeingia katika ofisi isiyomhusu hupoteza wiki mbili ambazo notisi haimngojei.

Huko England swali hili lina jibu fupi, kwa sababu sheria ya mwaka 2017 inazitaka halmashauri zimsaidie mtu anayestahili ambaye huenda akakosa makao ndani ya siku 56. Nairobi haina dawati la namna hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika, lakini mamlaka ya kuitimiza haki hiyo yamegawanywa: sera ya nyumba ni ya serikali kuu, mipango ya miji na nyumba katika kaunti ni ya kaunti, mizozo ni ya jopo la kodi za nyumba na mahakama, na utulivu wa mtaani uko mikononi mwa chifu. Hakuna sheria inayoilazimisha kaunti kumpa chumba cha muda mtu aliyefungiwa mlango. Ndiyo maana ni lazima mpangaji achague, na achague mapema.

Vipimo vitakavyotumika

Cha kwanza ni uwezo: je, ofisi hii inaweza kumsimamisha mwenye nyumba, au inaweza tu kumsihi? Cha pili ni gharama, ambayo kwa mtu wa kibarua haihesabiwi kwa ada peke yake bali pia kwa siku za kazi zinazopotea na nauli ya matatu. Cha tatu ni muda, ukilinganishwa na siku zilizobaki kwenye notisi. Cha nne ni ushahidi, kwa kuwa wapangaji wengi jijini waliingia nyumbani kwa makubaliano ya mdomo na ujumbe wa M-Pesa, bila mkataba wowote wa maandishi. Baada ya hayo nitasema kila ofisi inamfaa nani.

Kuna msingi mmoja unaozihusu zote. Anayelipa kodi mwezi kwa mwezi, hata bila mkataba, ana ulinzi wa Sheria ya Ardhi ya 2012, inayosema kwamba upangaji wa aina hiyo husitishwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, yaani mwezi mmoja, tena inayoisha siku ya kulipa kodi. Ujumbe wa WhatsApp wa Alhamisi unaotaka nyumba iwe tupu Jumamosi hautimizi sharti hilo. Kuweka kufuli, kung'oa mlango, kuezua mabati na kukata stima si njia za kisheria za kumtoa mtu. Dalali naye ni habari nyingine: sheria inamruhusu mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya kodi kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo, lakini kukamata vyombo si kumtoa mtu nyumbani, na keateka aliyeandamana na vijana watatu wa mtaani si dalali mwenye leseni.

Ofisi ya chifu

Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali kuu, si wa kaunti, jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Uwezo wao katika mizozo ya nyumba ni wa kuita na kupatanisha. Usidharau uwezo huo, kwa maana mwenye nyumba ambaye hapokei simu ya mpangaji wake hupokea ya chifu, na asiyejibu barua yoyote hufika barazani akiitwa. Mbele ya chifu malimbikizo ya miezi miwili yanaweza kugawanywa yakalipwa kidogo kidogo, kufuli likaondolewa siku hiyo hiyo, au tarehe ya kuhama ikasogezwa hadi watoto wamalize muhula. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza njia za usuluhishi nje ya mahakama.

Hata hivyo chifu si hakimu. Hana mamlaka ya kuamuru mpangaji atoke, wala ya kumlazimisha mwenye nyumba ampe muda, na mmoja wao akiyavunja makubaliano yao, hakuna wa kuyatekeleza mpaka yafikishwe mahakamani. Kwa hiyo yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbili, na kila mmoja aondoke na nakala yake. Huduma hii hailipiwi. Muda wake ni wa siku chache, na kwa aliyefungiwa mlango pengine ni saa chache. Ushahidi unaotakiwa ni kitambulisho, notisi yenyewe na jumbe za M-Pesa zinazoonyesha malipo.

Udhaifu wake mkubwa hauandikwi katika sheria yoyote: katika mitaa mingi chifu na mwenye ploti wanajuana kwa miaka mingi, na mwenye ploti huenda akawa mmoja wa wazee wa nyumba kumi wanaoketi kando yake. Wapo machifu wanaosimama katikati bila kuyumba, na wapo wanaokaribia kuwa maajenti wa kukusanya kodi. Mpangaji huweza kuligundua hilo katika kikao cha kwanza, na akiligundua asisubiri cha pili.

Ofisi hii inamfaa mwenye deni dogo anayetaka kubaki, au anayetaka kuhama kwa amani bila kupoteza vyombo. Haimfai anayepambana na kampuni ya maajenti iliyo na ofisi katikati ya jiji, wala mtaa mzima unaotishiwa na tingatinga.

Serikali ya kaunti

Wanaoelekezwa City Hall mara nyingi hurudi wamekata tamaa, kwa sababu walikwenda kushtaki mwenye nyumba binafsi katika ofisi isiyosikiliza kesi za wenye nyumba binafsi. Kosa si la ofisi hiyo. Kaunti ya Nairobi, yenye kaunti ndogo 17 na wadi 85, inahusika na makao katika nafasi tatu tofauti, na kila nafasi ina mlango wake.

Nafasi ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo, Jericho na Woodley ni ya kaunti, na mpangaji wa humo anayedaiwa kodi, au anayetaka kujua hatima yake nyumba za zamani zinapobomolewa ili magorofa yajengwe, hana budi kuanzia idara ya nyumba ya kaunti. Hapo ndipo rekodi ya nyumba ilipo, na hapo ndipo mpango wa kulipa malimbikizo kwa awamu hujadiliwa. Onyo moja tu: aliyeipata nyumba ya kaunti kwa kuuziwa ufunguo na mpangaji wa awali atakuta jina lililo kwenye rekodi si lake, na ni heri alijue hilo kabla ya siku ya kuhesabiwa.

Nafasi ya pili ni ya msimamizi wa ujenzi. Jengo lililojengwa bila kibali linaweza kupewa notisi ya utekelezaji na kaunti, na wapangaji hujikuta wakifukuzwa kwa kosa la mwenye jengo. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inampa anayeumizwa na notisi hiyo siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti. Siku hizo ni chache, na notisi hiyo hupelekewa mwenye jengo. Mpangaji huiona tu alama nyekundu ukutani. Akiiona alama hiyo, amuulize mwenye jengo tarehe ya notisi bila kuchelewa.

Nafasi ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mpangaji wa kawaida: afya ya umma. Afisa wa afya wa kaunti ndogo anaweza kukagua ploti yenye choo kilichofurika, maji machafu uani au paa linalotishia kuanguka, na kumwagiza mwenye nyumba arekebishe. Wapangaji wengi hukosa makao polepole, kwa nyumba kuharibika hadi haiishiki, bila notisi yoyote kuandikwa. Hatari ya njia hii ni kwamba mwenye nyumba anaweza kumwandama aliyelalamika. Malalamiko yaliyosainiwa na wapangaji kumi ni salama kuliko ya mmoja.

Ushauri katika ofisi za kaunti hautozwi ada, ingawa mtu hupoteza siku. Muda haukadiriki kwa urahisi, na ushahidi unaotakiwa ni namba ya nyumba, risiti za kodi na picha. Kaunti inamfaa mpangaji wake yenyewe, anayeishi katika jengo lenye mzozo wa vibali, na anayeishi pachafu. Aliyetofautiana na mwenye nyumba kuhusu kodi au depositi hatapata mengi hapo.

Jopo la kodi za nyumba

Sheria ya udhibiti wa kodi, ambayo ni Sura ya 296, iliunda jopo linaloweza kufanya yale ambayo chifu na kaunti hawawezi: kukadiria kodi ya msingi, kuzuia nyongeza, kutoa amri ya kumrudisha mpangaji, na kukataa kumtoa iwapo mwenye nyumba hana sababu inayotambuliwa na sheria hiyo. Sababu zenyewe ni za kueleweka, kama vile malimbikizo ya kodi, uharibifu wa nyumba, kero kwa majirani, au mwenye nyumba kuihitaji ili aishi yeye. Aliyeingia jopo akiwa amelipa kodi yake yote husimama mahali pazuri. Aliyeacha kulipa kwa hasira amempa mwenzake silaha.

Ukomo wake unashangaza. Sheria hiyo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi kilichowekwa zama ambazo kiliwalinda watu wengi, na ambacho leo ni shida kukipata hata kwa chumba cha mabati. Kodi ya msingi si lazima iwe ile unayolipa, kwa kuwa jopo ndilo linaloikadiria, lakini wakili wa mwenye nyumba akiiona kodi ya shilingi elfu kumi na mbili, pingamizi lake la kwanza litakuwa kwamba jopo halina mamlaka.

Mpangaji anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na ada ya kufungua malalamiko ni ndogo ikilinganishwa na ya wakili. Muda ni wa wiki au miezi, ila amri ya muda inaweza kutolewa mapema. Risiti, notisi na ujumbe wowote ulioandikwa vinatosha kuanzia. Jopo linamfaa mpangaji wa chumba cha kodi ya chini anayetaka kubaki alipo.

Mwenye duka, kibanda cha chakula au kinyozi ana jopo jingine, la majengo ya biashara. Notisi ya kumtoa haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili, nayo lazima iwe katika namna iliyowekwa na sheria. Asiyekubaliana nayo apeleke pingamizi jopo kabla tarehe hiyo haijafika. Ikifika yeye akiwa kimya, amepoteza.

Mahakama

Kwa wapangaji wengi wa nyumba za kodi ya juu kuliko kile kiwango cha jopo, amri ya kusimamisha kufukuzwa hupatikana kwa hakimu, na kesi kubwa za ardhi huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nguvu yake ndiyo kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa, na gharama yake pia. Mahakama za Nairobi hupokea kesi kwa mtandao tangu Julai 2020, hivyo hati inaweza kuwasilishwa hata kutoka saiba ya mtaani, lakini kuiandika hati hiyo bila wakili ni kazi ngumu.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, ni nyepesi zaidi. Inasikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mtu hujieleza mwenyewe. Aliyehama akanyimwa depositi yake aende huko, akiwa na ushahidi wa malipo na picha za nyumba alivyoiacha. Asiende huko akitaka kurudishwa nyumbani, kwa kuwa mahakama hiyo haigusi mzozo wa nani akae kwenye ardhi au jengo.

Msaada wa kisheria na makundi ya mtaa

Mtu asiye na fedha za wakili anaweza kufika kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Huduma hiyo inawahusu raia wasio na uwezo, na pia watoto na wakimbizi, jambo ambalo wapangaji wengi wa Eastleigh hawalijui. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwahudumia maskini wa jiji tangu mwaka 1973. Katika vijiji vya mabati, Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996, hukusanya wakazi, huhesabu nyumba na kujadiliana na serikali kwa pamoja.

Uwezo wa ofisi hizi ni wa kumwandalia mtu njia. Amri yenyewe hutoka kwingine. Gharama ni ndogo au haipo, lakini foleni ni ndefu na si kila kesi hupokelewa. Zinapofanya kazi vizuri zaidi ni pale anapotishiwa mtaa mzima na si mpangaji mmoja.

Hapo sheria ina meno ambayo wakazi wengi hawayajui. Tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, watu walio kwenye ardhi bila idhini hawawezi kuondolewa bila notisi ya angalau miezi mitatu. Ikiwa ardhi ni ya umma, notisi hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa maandishi, katika gazeti rasmi la serikali, katika gazeti la nchi nzima na redioni. Ikiwa ni ya mtu binafsi na wakazi ni wengi, notisi huchapishwa katika magazeti mawili ya kila siku, hubandikwa mahali pasipopungua patano kwenye ardhi yenyewe, na hupelekwa kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati ya wakazi ni rahisi: je, naibu kamishna ameipokea notisi hiyo? Sheria pia inataka maafisa wa serikali wawepo, wakazi wapewe nafasi ya kwanza ya kuvunja na kuokoa vitu vyao wenyewe, na walio dhaifu walindwe.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa mwaka 2011. Wakazi wake walishinda katika Mahakama Kuu, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba wasio na hati ya ardhi nao wana haki ya makao inayoweza kulindwa. Hukumu hiyo ni nguzo kwa mawakili wa leo. Ilifika, hata hivyo, zaidi ya miaka tisa baada ya nyumba kubomolewa. Tena amri ya mahakama nayo si ukuta: Mei 2020, katikati ya korona, maelfu ya wakazi wa Kariobangi walibomolewa nyumba licha ya agizo la kuzuia. Na baada ya mafuriko ya mwaka 2024, familia za kingo za mito huko Mathare na Mukuru zilihamishwa kwa siku chache tu, zikaahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Mtaa ulio kando ya mto usijitegemeze kwa miezi mitatu ya kwenye karatasi. Uwe na orodha ya wakazi na wakili anayejulikana kabla ya mvua za masika.

Kwa hali mbalimbali

Aliyefungiwa mlango leo hii aanze kwa kuandikisha tukio katika kituo cha polisi na kupata nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, kisha aende kwa chifu mchana huo huo. Nambari hiyo itamfaa hata chifu akishindwa.

Anayedaiwa mwezi mmoja au miwili, na bado ana notisi ya wiki kadhaa, anufaike na chifu kwanza, akiwa na pendekezo la kulipa lililoandikwa. Mwenye nyumba akikataa na kodi ikiwa ya chini, jopo ni hatua inayofuata. Kodi ikiwa ya juu, ni msaada wa kisheria na hakimu.

Aliyeongezewa kodi ghafla kwenye chumba cha bei ya chini asihangaike na City Hall. Aende jopo, huku akiendelea kulipa kodi ya zamani na kutunza ujumbe wa kila malipo.

Mpangaji wa nyumba ya kaunti, au wa jengo lililopigwa alama nyekundu, aende kaunti kwanza, tena mapema, kwa sababu ya zile siku 14. Aliyekwisha kuhama akidai depositi tu atavuna zaidi katika Mahakama ya Madai Madogo kuliko barazani.

Mtaa unaosikia fununu za tingatinga usingoje notisi ifike. Kamati ikusanye majina, picha na vitambulisho wiki hii, iulize ofisi ya naibu kamishna, na imtafute wakili wa msaada wa kisheria angali na siku za kufanyia kazi.